Njia ya Kupita kwa Mama Kemboi

Ukiwa Rongai na unatafuta njia, usiiulize simu. Simu itakupeleka kwenye lami, na ile lami ya Eldoret ina malori yasiyomhurumia mtu. Muulize Ephantus Gachanja. Ana miaka sitini na mitatu, miguu imepinda kidogo kwa nje, na kwa miaka ishirini na sita alibeba maziwa ya watu kwa baiskeli, ile nyeusi nzito tunayoiita blakimamba, mitungi miwili kwenye keria na mmoja umening'inia ubavuni. Kati ya Rongai na Kampi ya Moto hakuna barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu, ambako hajawahi kuanguka.

Akikuelekeza utacheka. "Panda mpaka kwa yule ng'ombe wa Njuguna aliyevunjika pembe, kata kushoto, teremka kwa wale weusi wawili wa mwalimu." Nusu ya ng'ombe hao walishachinjwa zamani. Lakini ukienda anavyosema, unafika.

Ndivyo alivyojuana na Kui. Kui ana duka la dawa huko Nakuru mjini, na kila Jumamosi anaongoza kikundi cha waendesha baiskeli zenye matairi ya meno. Hawa hawataki lami, wanatafuta vumbi. Watu wa Rongai walipowaona mara ya kwanza walitikisa vichwa: jamani, mtu ana gari nyumbani na anajitesa na mlima kwa hiari yake! Gachanja hakuwacheka. Siku moja walimkuta njiani, mmoja akauliza, "Boss, hii inatokea wapi?" Akawaeleza kona kwa kona, mpaka Kui akashuka akamwomba namba ya simu.

Tangu siku hiyo Gachanja ndiye anayewapangia njia. Wacha niseme ukweli, alifurahi kupita kiasi. Lori la maziwa lilipokuja, hakuna aliyehitaji miguu yake tena, na kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kufukuza kuku kwenye sukuma wiki. Sasa watu wenye digrii walikuwa wanangojea neno lake.

Mwaka huu Kui alitaka safari ndefu. Kilomita sitini, watu thelathini, kuanzia Rongai na kurudi Rongai bila kukanyaga lami. Gachanja akachora kwenye daftari, na kila kitu kikaungana isipokuwa mahali pamoja. Ukishavuka mto, njia pekee ya kupanda ule mlima inapita ndani ya shamba la Chepchumba, mama wa makamo ambaye huku tunamwita Mama Kemboi. Bila hapo, ni kilomita nne za lami, uso kwa uso na malori.

"Si tuombe tu ruhusa?" Kui akasema. "Kwani hakuna mtu anamjua?"

Gachanja akakohoa. "Mimi namjua. Shida ni kwamba na yeye ananijua."

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Miaka kumi na moja iliyopita, asubuhi ya mvua, Mama Kemboi alichelewa kukamua kwa sababu ng'ombe alikuwa msumbufu. Akaja mbio mpaka njia panda, pale watu walipokuwa wakikusanyika na maziwa yao, ndoo bado inatoa mvuke. Gachanja alikuwa na haraka. Akatumbukiza kile kipimo cha kioo kinachoelea, kikazama kupita alama. Kikizama hivyo, kwa kazi ya maziwa, maana yake maziwa yametiwa maji. Akasema, tena kwa sauti, mbele ya majirani kumi na wawili: "Mama, hii ni maji. Rudi nayo."

Mama Kemboi alichukua ndoo yake akaenda zake, na jioni hiyo akafunga geti la shamba kwa mnyororo, mtu asipite tena.

Miaka miwili baadaye chama cha wafugaji kiliwaita wabebaji kwa mafunzo. Mwalimu akasema, kama mtu anayepitisha jambo dogo, kwamba maziwa yasipimwe yakiwa bado na joto la kiwele. Yakiwa moto kipimo kinazama na kinadanganya. Lazima yapoe kwanza. Kumbe! Gachanja alijua papo hapo ni maziwa ya nani. Na akafanya nini? Hakufanya kitu! Hapo ndipo mimi hukasirika naye. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anabeba sadaka kila Jumapili, na hilo jambo akalimeza miaka tisa. Alikuwa akijiambia wiki ijayo, wiki ijayo, na aibu ikazoeleka kama kiatu kinachobana.

Jumatano kabla ya safari akapiga moyo konde, akasukuma baiskeli mpaka getini. Mama Kemboi alikuwa uani anaanika mahindi.

"Chamgei, Mama Kemboi," akamsalimu kwa Kikalenjin chake cha njiani.

"Unataka nini?" yule mama akajibu kwa Kiswahili, na hilo peke yake lilikuwa jibu.

Gachanja akaeleza. Akataja wageni, akataja Jumamosi, akaapa kwamba hakuna atakayekanyaga hindi hata moja na geti litafungwa kila mtu akishapita. Alizungumzia kila kitu chini ya jua isipokuwa maziwa. Mama Kemboi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi hapana." Akarudi kwa mahindi yake.

Gachanja akageuza baiskeli. Akapiga hatua kama kumi hivi. Akawaza malori, akamwaza Kui na watu thelathini waliomwamini, akajiwaza mwenyewe akirudi kufukuza kuku. Halafu akajiona mjinga, kwa sababu hata sasa alikuwa anajihurumia yeye. Akalaza baiskeli kwenye nyasi, akarudi.

"Mama Kemboi, yale maziwa yako hayakuwa na maji. Niliyapima yakiwa moto. Kosa lilikuwa langu."

Mikono ya mama ikasimama juu ya mahindi. "Umejua lini?"

"Miaka tisa sasa."

"Miaka tisa," akarudia. "Na geti langu liko palepale."

Mama Kemboi akajifuta mikono kwenye leso, akasogea karibu na mnyororo.

"Ulinisema mbele ya watu. Utanisafisha mbele ya watu. Jumamosi leta hao wa baiskeli, na mimi nitaita majirani. Ukisema sawasawa, nafungua. Ukianza kuzungukazunguka, wapite kwa malori."

Jumamosi waendesha baiskeli walitokea mtoni saa nne, weupe kwa vumbi, wanahema. Ndani ya geti walikuwa majirani, wengine wakiwa walewale wa njia panda, sasa na mikongojo. Kui alikuwa ameambiwa asubiri tu. Gachanja akashuka kwenye baiskeli, akasimama katikati.

"Miaka kumi na moja iliyopita nilisema mama huyu alitia maji kwa maziwa," akaanza. "Nilikosea. Nilipima yakiwa moto. Hakutia hata tone. Nilikuja kujua, nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu. Mama Kemboi, nisamehe."

Mzee mmoja akaguna, "Ai, Gachanja! Na sisi miaka yote hiyo tukimwita Mama Mfereji!" Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja wa kike akaenda akamshika Mama Kemboi mkono, na wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila maneno mengi.

Mnyororo ukafunguliwa. Baiskeli zikapita kwa mstari, kila mtu akisema, "Asante, mathe," na hakuna hindi lililoguswa. Gachanja alikuwa wa mwisho. Alipoinua mguu kupanda, Mama Kemboi akashika usukani.

"Wewe bado. Njoo."

Akamfuata nyuma ya nyumba, kupita zizi, mpaka pembe ya shamba yenye saruji na msalaba, nyasi zimefyekwa vizuri. Hapo ndipo alipozikwa mumewe, Kipruto, miaka minne iliyopita.

"Mzee wangu hakuwahi kuniuliza kama ni kweli," Mama Kemboi akasema. "Hata siku moja. Lakini tangu asubuhi ile, kila nikikamua alikuwa anakuja kusimama zizini. Anajifanya anaangalia ng'ombe, kumbe anaangalia ndoo. Miaka saba alisimama hapo, mpaka akafa."

Machozi yalimjia Gachanja na hakuyaficha.

"Sasa mwambie," mama akasema. "Na usinong'one. Masikio yake yalikuwa mazito."

Gachanja akavua kofia, akapaza sauti mpaka ng'ombe wakainua vichwa.

"Kipruto! Maziwa ya mke wako hayakuwa na maji!"