Barua ya Mzee Mwenye Nyonga

Kujiunga na mtandao wa madaktari wanaosoma picha za hospitali za wanajeshi wastaafu ni rahisi, ikiwa huna kazi nyingine duniani. Walitaka vyeti vyangu vya radiolojia, bima, uthibitisho kwamba sijawahi kufungwa, na ripoti kumi nilizoandika, majina ya wagonjwa yakiwa yamefutwa. Nilivituma vyote kwa maringo. Kisha wakataka barua ya mwanajeshi mstaafu anayenifahamu. Hapo nilicheka, kwa maana ninaye mmoja, na ananifahamu hadi ananichosha.

Ni Mkenya mwenzangu, tunasali kanisa moja. Alilitumikia jeshi la Uingereza miaka mingi, kisha akatua mtaa wetu wa Bordesley Green, huku huku Uingereza, na nyonga inayouma na ubishi usiokwisha.

Kwetu ukisomea udaktari, umeusomea ukoo mzima, na kanisa juu yake. Watu huniletea picha zao nyumbani kama wanavyoleta keki. Mzee alileta CD. Nyonga yake ilikuwa imepigwa picha hospitalini, lakini picha zilikuwa bado kwenye foleni, kwa sababu wasomaji hatutoshi. Niliitia kwenye droo moja na betri zilizokufa. Kompyuta yangu haina hata mahali pa kuingizia CD.

Jumapili tatu mfululizo alinivizia kwenye chai ya baada ya ibada. Ya tatu alinikuta na sambusa mdomoni.

"Daktari, si uliangalia ile CD?"

"Niliangalia, mzee. Hakuna shida."

Ni uongo wa adabu tu, ule wa kusema uko njiani na bado hujaoga. Niliusahau kabla sambusa haijaisha.

Nilipomwomba barua, ilinijia kwa Kiingereza cha kambini, herufi zimesimama wima. Nilianza kuisoma nikitabasamu. Eti napika vizuri, ambayo si kweli. Eti naimba vizuri, Mungu amsamehe. Kisha nikafika hapa: alisoma picha zangu nyumbani kwake, akaniambia hakuna shida, kwa hiyo nimefuta miadi yangu na daktari wa mifupa ili nafasi apewe anayeumwa zaidi.

 Nilipekua droo, nikaichukua CD, nikakimbilia mtaa wa jirani wa Alum Rock, na kwenye duka la kutengeneza simu nikapata kifaa cha kusomea CD kilichojaa vumbi. Nilizifungua picha kwenye kompyuta yangu ndani ya gari. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimekosa damu na kimeanza kubonyea, kama papai lililokaliwa. Na mzee alikuwa akiukanyagia mguu huo kila siku, akipanda ngazi kwa kuamini neno langu.

Nilienda kwake moja kwa moja. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, maana ningekaa ningeanza kutafuta visingizio.

"Kumbe hukuangalia," alisema.

"Sikuangalia, mzee. Nilikudanganya. Usikanyagie huo mguu tena. Tupigie clinic sasa hivi warudishe hiyo appointment."

Tulipiga pamoja, simu ikiwa kwenye spika. Walimpa nafasi wiki hiyo hiyo. Kama nyonga itaokolewa au itabadilishwa, hawakusema, na mimi niliyezoea kusema sikuthubutu. Nilimrudishia barua yake.

"Andika upya, mzee. Andika ukweli."

"Watakukataa."

"Wakatae."

Alivaa miwani, akaweka mguu juu ya stuli. Alianza kwa kuufuta upishi wangu, kisha uimbaji, tena bila kusitasita. Akaandika kwamba nilimdanganya na kwamba nilichelewa. Mwishoni akaongeza mstari ambao sikumwomba: amekuja mwenyewe kuniambia, na picha zangu nataka azisome yeye.

Nilimsihi aufute mstari huo.

"Wewe soma picha," alisema. "Barua ni yangu."