Wimbo Uliomnyamazisha Jofrey

Leo Jofrey kalia mbele yetu, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Tulikuwa wanne tuliosoma sekondari pamoja. Tumekutana Kasulu, kibandani kwa Zuhura, ambaye sasa ni fundi cherehani wa sare za kwaya. Kila mtu anaeleza anachofanya siku hizi.

Ikafika zamu ya Dafrosa. Akasema anazunguka vijijini kurekodi nyimbo za Kiha za kubembeleza watoto.

Jofrey, dereva wa lori (mdomo wake mnaujua!), akacheka. "Dafu, nani atazisikiliza? Watoto wenyewe si wanalala!"

Dafrosa akafungua simu, tukamsikia bibi mmoja wa kijiji cha Gwarama akiimba taratibu.

Katikati ya wimbo bibi akamfokea kuku, "Shii! Toka kwenye mahindi yangu!" Kisha akaendelea kuimba kama vile hakuna kilichotokea.

Tukaangua kicheko. Jofrey hakucheka.

"Rudisha hapo."

Dafrosa akarudisha.

"Mawe!" Jofrey akamaka kwa Kiha. "Huyu ni mama yangu."

Mama yake alizikwa mwaka jana. Dafrosa alimrekodi kabla ya hapo, bila kujua ni mama wa nani.

Zuhura akazima cherehani. Jofrey, machozi yakimtoka, akampigia binti yake mdogo aliyeko Kibondo, akaziweka simu mbili pamoja.

"Sikiliza, mwanangu. Bibi yako anakuimbia."

Wimbo ukaisha.

"Baba, mwambie aimbe tena."

Jamani, ninyi mmehifadhi sauti ya nani?