Cherehani Ikikimbia Nyepesi, Simama

Siku ile Jomvu Kuu, chumbani mwa bi harusi, tulikuwemo wanne, nami nitawataja wote asije mtu akasema nasimulia habari za kusikia. Alikuwemo Rukia binti Zuhura, bi harusi mwenyewe. Alikuwemo somo wake, Bi Mwanaidi, aliyemfunda siku saba. Alikuwemo shangazi yangu Mwanakombo, dada wa babangu tumbo moja, ndiye fundi wa gauni. Na mimi, mwanafunzi wake, niliyekuwa na miaka kumi na saba na kichwa kigumu kama chenu nyinyi.

Nimeshika kalamu kwa sababu nimechoka. Nyinyi wajukuu zangu mnaojifunza kushona hapa kwangu, kila wiki nawaambia neno moja: uzi wa chini, ule wa kwenye bobini, hauonekani, utazameni. Jana tena nimeletewa suruali, nimeishika tu, mguu mzima umefunguka. Ati, "Bibi, sikujua bobini imeisha." Hukujua! Cherehani ilikwambia, wewe umeziba masikio kwa nyaya za simu.

Haya, sikiza, mwanangu, nilivyojua mimi.

Asubuhi ya siku ile shangazi alinipa gauni la Rukia nimalizie mishono ya ubavuni. Satini ya kijani, yateleza kama samaki. Alikuwa ameshalishikiza kwa mkono, uzi mweupe wa hatua ndefu, ili kitambaa kisihame. Kazi yangu ilikuwa kupitisha cherehani tu. Karibu yangu alikaa Kadzo, mwanafunzi mwenzangu kutoka Rabai, na Kadzo akianza habari za watu huna nguvu za kumkatiza. Ubavu wa kulia nikaumaliza salama. Wa kushoto nilianzia chini napanda, na nilipofika kiunoni cherehani ikawa nyepesi ghafla. Kanyagio lakwenda lenyewe. Mlio ukabadilika, kule chini nikasikia kitu kitupu chatikisika.

"Mbona yakimbia hivyo leo?" Kadzo akaniuliza.

"Ni mguu wangu umeshakuwa wa fundi," nikamjibu.

Wallahi ndivyo nilivyosema. Tukacheka, nikapanda hadi kwapani, nikakata uzi.

Hivyo ndivyo bobini ikiisha inavyokudanganya. Uzi wa juu hauna habari, waendelea kulala juu ya kitambaa umenyooka vizuri, na sindano yatoboa matundu yake sawasawa. Kwa juu umeshona. Pindua ndani, hamna kitu. Nami sikupindua. Tena kwa uvivu wangu sikufumua ule uzi mweupe wa kushikiza, na huo ndio uliolibana gauni likaonekana zima.

Shangazi alipolichukua alinitazama usoni. "Umepindua ukatazama?"

"Naam, shangazi."

Kupindua nguo kungenichukua muda wa kupiga chafya, mwanangu. Nikaona bora niseme uongo.

Alasiri Rukia akavikwa. Ukumbini mamake bwana harusi na mabinti zake walikuwa wamekaa wakingoja kumwona, na walishaanza kurusha maneno: "Bi harusi yuko, au ndio kwanza anashonwa?" Bi Mwanaidi akaleta chetezo cha udi.

"Inua mikono, mwanangu, moshi upande."

Rukia akainua. Tukasikia tra, tra, tra. Uzi wa kushikiza ukakatika, na ubavu wa kushoto ukaachana kutoka kwapani hadi kiunoni.

Hakupiga kelele. Alijikumbatia tu, machozi yakaanza kushuka na wanja. "Nitoke hivi?" akasema. "Wale watanisema mpaka nizeeke."

Bi Mwanaidi akamtupia leso, kisha akanigeukia mimi. "Wewe umeshona kwa nini, kwa mate?"

Shangazi alishika ncha ya uzi wa juu akauvuta. Ukatoka wote kwa mvuto mmoja, haujashika popote. Akaniwekea kiganjani. Akachomoa sindano iliyokuwa imechomekwa kifuani mwa dera lake, akapiga magoti, akaanza kumshonea Rukia gauni mwilini, nami nimeshika satini. Mlango ukagongwa. Ukagongwa tena. Mara ya tatu shangazi alitoka mwenyewe, nikamsikia akimwambia mamake bwana harusi: "Tuwieni radhi, dada. Kuchelewa huku ni kwangu mimi. Nguo nimeikosea."

Yeye! Aliyeshona tangu mimi sijazaliwa. Nilitamani anipige.

Akarudi, akamaliza. Rukia alitoka kwa vigelegele, mkono wa kushoto ameubana ubavuni kwa hofu muda wote, na wakwe wakamsifu kwa haya zake.

Njiani kurudi ndipo shangazi aliponisemesha. "Bobini kuisha si kosa, zote huisha. Nakuuliza, ulisikia au hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi."

Hakunitajia tena jambo hilo hadi alipofariki.

Kwa hivyo, mwanangu, nakuomba kwa mara ya mwisho, ingawa najua si ya mwisho: kabla ya mshono mrefu, fungua kile kibati kilicho chini ya sindano uitazame bobini. Mashine ikiwa nyepesi, usifurahi, simama. Ukimaliza, pindua. Na mtu akikuuliza kama umetazama, nawe hujatazama, sema hujatazama. Atakukaripia, halafu yataisha. Uongo wako atakuja kuulipa mwingine kwa uso wake, na hilo haliishi. Mimi ni bibi kizee na bado lanichoma.

Mwenyezi Mungu aitie baraka mikono yenu, awape riziki ya halali na wateja wasiojutia kuwaamini, amin. Na kama yuko aliyehadithiwa na Rukia au Kadzo akaona hapa nimekosea, iwe jina, iwe ubavu ulioachana, anirudi kwa wema. Nimeandika kama nikumbukavyo.