Kengele ya Mabaka

Kong'o… kong'o… kong'o. Kengele nzito, imepasuka ubavuni, inalia kama mzee anayekohoa. Juzi lori la ng'ombe lilipita hapa njia ya Ibadakuli, hakuna hata mmoja mwenye kengele shingoni, lakini mimi nikaisikia ile ya kwetu. Na hasira ikaja nayo, ndugu yangu, mbichi kabisa.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mtoto wa kucheka ovyo, na nilitaka kuwa bwana mifugo. Msichana! Watu walinicheka, nami nikacheka nao. Bwana mifugo wetu alivaa kaptura ya kaki na kunukia dawa ya josho. Mbwa wetu alipong'atwa na fisi, yeye ndiye aliyemshona, akimbembeleza kama mtoto, mimi nimeshika kopo la maji moto. "Daktari wangu mdogo," aliniita. Nikarudi nyumbani nikayadunga maboga yote ya mama kwa mwiba.

Ikafika siku ya sindano ya sotoka, ile tauni ya ng'ombe. Baba akapeleka zizi zima kwenye uzio wa josho. Sasa, kwetu ng'ombe wa zizi moja hawakuwa wa mtu mmoja. Uliweka mmoja kwa huyu, wawili kwa yule, ili ugonjwa ukiingia mahali usikufagilie wote. Mabaka alikuwa wa jirani yetu mjane, niliyemwita mayu, yaani mama; ng'ombe wake wa pekee. Sisi tulimchunga, yeye alikuja kila asubuhi na kibuyu chake kuchukua maziwa, na alimsalimia Mabaka kabla ya kutusalimia sisi.

Sindano zilipokwisha, bwana mifugo hakufungua lango.

"Ng'ombe wengi mno, mzee. Majani yamekwisha. Amri imetoka: punguza. Chagua mmoja aende mnadani."

"Si wangu wote, bwana. Wengine ni wa majirani."

"Wanalala zizi la nani?"

"Langu."

"Basi ni wako."

Waliokaa juu ya uzio wakaangua kicheko. "Mzee, leo umetajirika bila kuoza binti!"

Baba akawatazama ng'ombe wake, mmoja mmoja. Kisha akamnyooshea kidole Mabaka.

"Huyo wa mayu!" nikapiga kelele.

"Funga mdomo, we mtoto!" baba akafoka.

Nikamgeukia bwana mifugo. Alijua! Mvua zilipoanza ni yeye aliyemzalisha Mabaka, mjane akiwa ameshika kichwa. Alichovya brashi kwenye rangi nyekundu, akampaka Mabaka matakoni, na hakunitazama. Baba akamvua kengele.

Jioni mjane akaja kwetu. Baba alikuwa hodari wa maneno siku hiyo: amri ya serikali, mambo magumu, atalipwa mtamba siku moja. Ndama naye abaki kwanza zizini, wazee watakaa wazungumze.

"Shemeji," mjane akasema, "si ungenichagua mimi niende mnadani, Mabaka abaki?"

Mama akainamia chungu. Kibuyu cha mjane kilikuwa kitupu, na hakuna aliyekijaza.

Leo hata zile chapa za masikio za kuonyesha ng'ombe ni wa nani, ambazo kila mtu alizisoma kwa mbali, zimepotea. Mtu hampi mwenzake ng'ombe amtunzie. Kila mmoja na zizi lake, kila zizi na kufuli lake. Watu husema ni maendeleo. Mimi nilikuwepo pale langoni, najua uaminifu wetu ulipakwa rangi gani. Kopo la maji moto sikulishika tena.

Wazee hawakuwahi kuzungumza. Asubuhi moja, baba akiwa bado anapiga mswaki, nilitoa kengele msumarini, nikamvika ndama wa Mabaka. Ilikuwa kubwa, ikamgonga magoti. Ningeweza kuijaza majani isilie. Sikuijaza. Nilimwongoza peke yangu, kong'o, kong'o, katikati ya nyumba zote, hadi nikamfunga mlangoni kwa mjane.