Chumba Nilichokiziba kwa Ajili ya Sauti ya Papa

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef, mkubwa wangu wa kwanza, alinifungia ndani ya chumba chake cha kurekodia muziki, kisha akafungua na kuniuliza nilikuwa nasikia nini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nikadhani ni mtihani. Nikataja jenereta ya jirani, pikipiki barabarani, na moyo wangu mwenyewe.

“Moyo?” Alicheka sana. “Licencié, mtu wa digrii, weye unawaza mingi. Bon, kamata nyundo.”

Chef ndiye aliyenifundisha kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Blanketi na trei za mayai hupunguza mwangwi tu. Hazizuii kelele za nje. Kuzuia kelele kunataka ukuta mzito usio na tundu, na ndani yake ukuta wa pili usiogusana na ule wa kwanza. Nilimfanyia kazi mpaka alipohamia Kinshasa na vyombo vyake vyote.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa Papa, baba yangu mzazi. Alikuwa na uvimbe kooni, na daktari alituambia wazi kwamba upasuaji ungeweza kuondoka na sauti. Papa alikulia Isangi, kando ya mto, akapiga kasia katika mitumbwi ya biashara, na nyimbo za kazi ile alibaki nazo yeye tu. Alitaka nizirekodi kabla hajalazwa.

Tulikuwa tunaishi wawili, Kisangani. Nikachukua chumba cha nyuma, kinachofungukia uani. Adui mkubwa hapo alikuwa mvua juu ya bati. Nikatundika dari la pili la triplex, zile mbao nyembamba za kugandishwa, kwa vipande vya mpira wa tairi, ili mtetemo wa bati usishuke kwenye mbao, na katikati nikajaza nguo kuukuu. Mlango nikauzungushia mpira pande zote. Nikaziba, nikasikiliza, nikabomoa, nikaziba upya, nikijiuliza kama mchwa wanasikika kwenye maikrofoni. Mwishowe mvua kubwa ilinyesha nikiwa ndani, nami sikuijua mpaka nilipofungua mlango nikaloa.

Nikamwita Papa. Akaketi mbele ya maikrofoni, akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza.

“Papa, iko nini? Joto?”

“Nangoja baitike.”

“Nani?”

“Benye kupiga kasia! Mwenye kuanzisha anaimba, bengine banaitika na kasia inaingia mu maji. Bila ile, siwezi kuendelea. Humu ndani iko sawa kaburi.”

“Waza tu kama bako hapa.”

“Kuwaza iko kazi yako. Alors, itika!”

“Sauti yangu itaharibu, Papa.”

“Iharibu basi! Na weye hivi, tutafika Isangi mwaka gani?”

Nilikuwa nimepima kuta, dari na mlango, nikajenga chumba cha mtu mmoja kwa nyimbo za watu wengi. Nikaketi karibu naye. Feni ilikuwa imezimwa isisikike, jasho likatutiririka, na kila zamu yangu ilipofika alinipiga begani. Sauti yangu ilitetemeka. Yake ilijaa chumba.

Upasuaji ulimponya, lakini sauti haikurudi. Waimbaji wa kanisa walisikia habari za chumba, wakaanza kuja kurekodi humo, mmoja mmoja, na kila mmoja alikisifu kile kimya. Mimi nilianza kukikwepa. Nilipopata nafasi ya kufundisha shule huku Yahuma, niliacha ufundi.

Huku hakuna jenereta karibu na nyumba yangu. Mnaotaka kuanza kazi hii mtaniuliza kuhusu mpira na mbao, nami nitawajibu. Lakini muulizeni kwanza anayekuja kuimba amezoea kuimba na nani.

Mtandao ukipatikana, nampigia Papa. Mwanzoni nilikuwa nauliza maswali, kisha nashtuka kwamba hawezi kuyajibu. Siku hizi naanzisha mimi. Naimba mstari wa kwanza, nanyamaza, na kule Kisangani yeye anagonga meza kwa kiganja, pale hasa wapiga kasia wanapoitika. Siendelei mpaka nimsikie.