Mihuri ya Njia ya Trondheim

Juzi niliona picha za mahujaji wakiwasili Trondheim, na harufu ya mafuta ya cherehani ikanirudia puani.

Mama alikuwa fundi wa nguo ugenini, mtaa wa Yeoville. Hakuwa na vibali vya kuishi nchini, na kwa kuogopa polisi hakuvuka kona ya mtaa wetu. Mchana mmoja mteja wetu Mnorwe, Dada Ingrid, alileta mkoba wake wa safari ubadilishwe zipu, akatuonyesha kijitabu kilichojaa mihuri. Alikuwa ametembea mwezi mzima, milima na misitu, hadi kanisa la Mtakatifu Olav huko Trondheim, nchini kwao. Njia hiyo ya kale ilikuwa imesahaulika karne nyingi, akasema, na sasa watu wanaitembea tena. Kila wanapolala, wanagongewa muhuri.

"Polisi hawakukusumbua?" Mama akauliza.

"Mmoja alinipa maji."

Basi nikaamini kwamba kila atembeaye hupewa vibali. Dada Ingrid alipoondoka, nilichukua daftari langu la shule.

"Mama, twende Joubert Park kwa Mama Mdogo. Tutagongewa njiani."

"Mwanangu, hiyo si karatasi ya serikali."

"Na ya Dada Ingrid je?"

Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kisha akafunga duka.

Mchungaji wa mtaa wetu alitugongea muhuri wa kwanza, mwenye famasi wa pili. Karibu na bustani ya Joubert Park, polisi wawili walisimama chini ya robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu. Mama alinishika mkono. Niliinua daftari juu, nikijivuna. Leo najua lisingetuokoa. Mama aliwasalimu kwa Kizulu, akapita katikati yao bila kupunguza mwendo, na kutoka roshani ya ghorofa ya tatu Mama Mdogo, ambaye walikuwa hawajaonana tangu Krismasi, akapiga vigelegele mpaka mtaa mzima ukatazama juu.