Nilishikilia Muhuri Nikingoja Posho

Nilikosa. Wacha niandike hilo kwanza, kwa sababu najijua: nikipewa nafasi ya kuzunguka, nitazunguka mpaka nikuuzie kosa langu kama wema, na utanishukuru.

Mimi ni mkulima wa chai upande wa Boito, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mwenyekiti wa kituo chetu cha kupimia majani. Si cheo kikubwa. Ni banda la mabati, mizani moja, na muhuri wa kamati ambao nilitembea nao mfukoni kama wengine wanavyotembea na kitambulisho.

Wanaonijua husema siwezi kununua kiberiti bila kuhesabu njiti. Wananisingizia! Nahesabu mara mbili.

Sasa sikia.

Jirani yangu alikuwa na binti, Chebet, mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea uuguzi. Baba yake alikufa kwa kiharusi kabla hajazeeka, na msichana akaapa atakifuata hicho kitu mpaka akijue. Akaona kwenye simu tangazo la ufadhili wa wanafunzi wanaotafiti moyo na kiharusi. Akaandika maombi yake: atapima presha ya wachuma chai wa kituo chetu mwaka mzima, wakati tunangoja lori la kiwanda. Pale tunakaa saa mbili, saa tatu, tunapiga domo tu. Utapata wapi watu wengi hivyo wameketi?

Kutoka kwangu alihitaji kitu kimoja: barua ya kukubali, yenye muhuri.

Alikuja Jumanne na mashine ya kuazima, ili watu waione wasiiogope. Wa kwanza kuinuka alikuwa mke wangu, Mama Kibet. Akaweka kikapu chini, akakunja mkono wa sweta.

"Anza na mimi, mama," akamwambia Chebet. "Hiki kichwa kinanigonga tangu wiki jana."

Nikaingilia. Ee Mungu, nisamehe!

"Shusha mkono, Mama Kibet. Hapa hakuna cha bure. Wao wapate pesa ya utafiti, na sisi tupate nini?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Akashusha.

Nikueleze akili yangu ilikuwa wapi. Huku kwetu, lori la kiwanda likikosa kuja, tunawauzia hoka majani, wale wanunuzi wa barabarani. Hoka akitaja bei, usimjibu. Tazama mbali. Ongea mambo ya ng'ombe. Atapandisha mwenyewe, maana gari lake haliwezi kurudi tupu. Nimesomesha watoto kwa kunyamaza. Basi nikadhani ufadhili nao ni hoka, tofauti ni kwamba huyu anavaa tai.

Nikaomba bajeti yake, nikaisoma mara mbili. Mashine, nauli, vifaa vya kupima sukari, madaftari. Posho ya kamati, hakuna.

"Na sisi kamati umetuweka wapi?"

"Mwenyekiti, hii ni pesa ndogo ya mwanafunzi, haina posho. Lakini nimewawekea wakulima chai na mandazi."

"Chai? Sisi? Unatuletea sisi chai?"

Kituo kizima kikavunjika mbavu. Hata Chebet akatabasamu, lakini macho yalikuwa kwenye mfuko wangu.

"Maombi yanafungwa Ijumaa, baba. Tafadhali."

"Rudi Jumatatu tuongee vizuri."

"Jumatatu yatakuwa yamefungwa."

"Yatafunguliwa. Mwenye pesa hafungi mlango, anarudisha tu pazia."

Nilijiona mjanja! Jumatano akaja, nikatazama mbali. Alhamisi akaja na mama yake, mjane wa watu, wameniletea kibuyu cha mursik. Nikakunywa maziwa yao, nikasifu mkono ulioyatengeneza, nikaongea mambo ya ng'ombe mpaka wakaaga. Ijumaa hakuja. Nikajiambia, sasa amelainika.

Jumatatu asubuhi nikatoka na muhuri, nimekata shauri kushuka. Nusu ya posho ningekubali. Hata robo. Nikamkuta kwenye shamba la mama yake anachuma.

"Haya, lete hiyo barua nipige muhuri."

Hakuacha kuchuma. "Maombi yalifungwa Ijumaa, baba."

"Si uwapigie simu?"

"Hakuna wa kupigiwa. Pesa zilikuwa za wanafunzi. Mwaka ujao mimi si mwanafunzi tena."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Tusi ningelijibu. Nilisimama kati ya mistari ya chai na muhuri mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani hakukuwa na mtu wa kuvutana naye.

Chebet alimaliza masomo kwa kazi nyingine ya kuandika, ya kusoma vitabu tu, isiyohitaji kumpima mtu. Wakulima walipouliza ile mashine ilienda wapi, niliwaambia wafadhili wamekataa. Wakaamini. Mwenyekiti amesema.

Miezi minane ikapita.

Asubuhi moja Mama Kibet alikuwa mbele ya mizani. Karani akamwambia, "Inua kikapu, mama." Mkono wa kushoto ukainua. Wa kulia ukabaki umelala kama wa mtu mwingine. Akajaribu kusema kitu, yakatoka maneno yasiyo Kipsigis wala Kiswahili. Watu wakadhani anatania, kwa sababu alikuwa mtu wa utani.

Na mimi, mume wake, nikamwambia nini? "Wacha mchezo, foleni ni ndefu."

Ndipo mdomo ukaenda upande.

Hospitalini daktari kijana alishika kalamu akaniuliza, "Presha yake huwa ngapi, mzee?"

Nikatazama mbali.

"Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini?"

Woi! Mimi najua kilo alizochuma kila mwezi tangu tuoane. Najua bonasi ya kila mwaka, bila kufungua daftari. Najua ng'ombe gani alikamuliwa lita ngapi siku ya harusi ya Kibet. Hiyo namba moja sikuwa nayo. Na ilikuja yenyewe mpaka kituoni kwangu, siku ya Jumanne, nikaikataa mbele ya watu.

Hajafa. Mungu alinionea huruma ambayo sikuiombea bei. Lakini mkono ule hauchumi, mguu unaburuta, na maneno yamebaki machache sana. Mimi ndiye ninayemvalisha. Sweta ile naanza na mkono mbovu, polepole, kama nilivyofundishwa.

Unajua aliyenifundisha? Chebet. Alisikia, akaja bila kuitwa. Siku hizi anafanya kazi kwenye zahanati, na akipata nafasi ya mapumziko hupita kumnyoosha vidole. Siku moja nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamuuliza.

"Kama ungempima siku ile, haya yangetokea?"

Nilitaka aseme hapana, au aseme ndiyo. Lolote ningelibeba.

"Sijui, baba. Ndiyo maana nilitaka kupima."

Akaenda zake.

Kiti nimekiacha. Nilisema ni kwa sababu ya kuuguza. Wakulima bado wanaamini wafadhili ndio walikataa, na mjane yule bado ananisalimia kwa mikono miwili. Sijawaambia. Nawaambia ninyi kwanza kwa sababu hamnijui. Huo ndio uoga wangu, msinipongeze kwa kuandika.

Lakini mwenyekiti mwenzangu, chifu, mwalimu mkuu, mchungaji, yeyote uliye na muhuri: akija mtoto wa mtu na karatasi yake ya ufadhili wa utafiti, muulize unayotaka kuuliza, kisha umjibu siku hiyo hiyo. Kama ni la, sema la, akatafute kituo kingine mapema. Usimnyamazie. Hizo pesa zina siku yake, ikipita imepita, na aliyekuja kupima watu wako ndiye anayerudi nyumbani mikono mitupu pamoja na watu wako.

Jana jioni nilikuwa nampa uji, Mama Kibet akajaribu kuniita jina. Likatoka nusu. Nikaitika hivyo hivyo. Ninyi msingoje kufika hapa.